Nyumba Nilizokataa Kula

Naandika haya nikiwa mzima. Nimeona nilitangulize hilo, maana wewe uliyeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, ukatoka hospitali na mfuko wa vidonge mkononi, hutaki simulizi ya mtu ambaye hujui kama alipona. Nilipona. Napanda mlima wa kwetu bila kupumzika, na wapo vijana wanaonifuata nyuma wakihema. Sasa tunaweza kuongea.

Kwetu ni Ileje, milimani, upande wa Ikinga. Wakati ninaousimulia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na gari halikuweza kufika kwenye kitongoji chetu. Mgonjwa akizidiwa alibebwa kwa machela mpaka barabarani: miti miwili, blanketi limefungwa katikati, wanaume wanne mabegani na wengine wanne wa kupokezana. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa machela. Hakuna aliyenichagua. Watu walizoea tu kuja kugonga kwangu, kwa sababu nilijua kufunga blanketi lisilegee na nilijua njia ipi haitelezi wakati wa mvua. Nimebeba wajawazito, wazee, watu walioangukiwa na miti. Mama mmoja alijifungua tukiwa katikati ya mteremko, na mtoto akapewa jina langu, Ambakisye. Nayasema haya bila aibu, kwa sababu ni kweli na nilifanya vizuri.

Tulikuwa na sharti moja. Mtu wa machela alikuwa haruhusiwi kula kwenye nyumba ambayo amebeba mgonjwa wake. Asile, asinywe, asipokee hata ndizi mbivu ya kutafuna njiani. Sharti hilo tulilirithi kwa baba zetu na lilikuwa na maana yake. Wanaume wanane wakirudi kutoka barabarani, nyumba yenye mgonjwa ilijiona inawiwa kuwalisha, ikachinja kuku wa mwisho, na mgonjwa akija kurudi hakuna hata supu ya kumpa. Baadaye mchungaji wetu akalitia sharti nguvu. Alihubiri kwamba aliyekwisha kupokea malipo yake kwa wanadamu asitazamie kupokea tena kwa Mungu. Tulitoka kanisani siku ile vifua mbele. Wenzetu wa Mbozi walikuwa na kahawa, wa Tunduma walikuwa na maduka, sisi tulikuwa na thawabu yetu mbinguni na hakuna aliyeigusa.

Tena hatukulitangaza sharti lenyewe. Kutangaza wema ni kujisifu, na kujisifu ni malipo pia. Kwa hiyo tukikaribishwa tulisema tu kwamba tumeshiba, tukaondoka. Wake zetu walijua. Wengine waliona tu wanaume wa machela wamekataa kula, basi.

Kikohozi kilinianza Juni, wakati wa baridi, nikakiita mafua. Nilijifukiza majani ya mikaratusi chini ya blanketi. Nikanywa kila mzizi niliopewa. Kufikia wakati watu wanaanza kuandaa mashamba, mkanda wangu nilikuwa nimeuongezea matundu kwa msumari mara kadhaa, na kila asubuhi mke wangu, Mama Tusa, alikuwa anaanika shuka lililolowa jasho langu. Alianika tu, akinitazama kama mtu anayesubiri nimalize ubishi. Siku nilipokohoa damu juu ya jani la mgomba, alifunga kitenge kiunoni akaenda kuwaita wenzangu.

Ndipo nikabebwa. Sitaki kukudanganya, hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Njia niliyoijua kwa nyayo nilikuwa sasa naiona upande wa juu tu, matawi na mawingu, na mvua ikinipiga usoni. Walikuwa wanabeba vibaya. Wa mbele walikuwa warefu kuliko wa nyuma, na hakuna aliyefikiria kuwabadilisha.

"Badilishaneni kabla ya mteremko," nikasema.

"Mzee, mgonjwa haongei," akajibu mmoja wao.

"Mgonjwa ataongea mpaka mfike."

Walicheka, nami nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakanishusha chini mpaka kikaisha. Lakini walibadilishana.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu. Kila aliyeingia kwa daktari, sote tulisogea kidogo kwenda kwenye mlango, na kwa kusogea huko nilifahamiana na watu ambao mpaka leo nikiwaona sokoni tunasalimiana kwa kukohoa kwa utani. Nilipewa kikopo cha makohozi. Kesho yake nikaambiwa ni TB na kwamba inatibika: sindano na vidonge kila siku kwa miezi miwili, unameza nesi akikuangalia, halafu vidonge vya kuchukua nyumbani kwa miezi sita. Daktari alikuwa kijana. Alinishika kiwiko akaona mfupa, akamgeukia mke wangu badala yangu.

"Mama, huyu lazima ale. Dawa hizi bila chakula zitamwangusha. Ale hata asipotaka."

Sindano zilikuwa zinapatikana zahanati ya chini ya kwetu, hivyo nilirudishwa nyumbani. Nikuonye jambo moja ambalo mimi sikuonywa: mkojo utageuka mwekundu. Ni dawa. Mimi nilidhani ni damu, nikamwita Mama Tusa nikamuaga rasmi, nikamwambia ng'ombe apewe nani. Nesi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Usimuage mkeo.

Sasa chakula. Ulikuwa msimu wa mvua, ghala limebaki na maharage ya chini kabisa, na shamba Mama Tusa alikuwa hawezi kulilima peke yake huku ananipeleka zahanati kila asubuhi. Watu wakaanza kuja. Wa kwanza alisimama uani na mkungu wa ndizi kichwani. Nikamtazama, nikakumbuka nilimbeba mama yake. Nikasema ahsante, tumeshiba. Akaja mwingine na maziwa. Huyo nilimbeba yeye mwenyewe, mguu umevunjika. Tumeshiba. Wakaja vijana na majembe, wanataka kutulimia. Nao nilikuwa nimembeba baba yao. Jioni moja nikiwa nimelala nikajaribu kuzifikiria nyumba zote za mlima wetu, nitafute ambayo sijawahi kubeba mtu wake. Nikaipata moja tu, na wenyewe tulikuwa tumegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Unanielewa? Nilikuwa tajiri kwelikweli, na sikuwa na mahali pa kula.

Aliyekuja kuliko wote alikuwa Mama Sekela. Aliolewa kwetu akitokea ng'ambo ya mto, upande wa Malawi, na mume wake akafariki mapema. Mtoto wake wa pekee, Sekela, alikuwa hajaanza shule alipopata homa kali. Tulimbeba mimi na wenzangu watatu, na akafia mabegani mwetu kabla hatujafika barabarani. Miaka ilikuwa imepita. Mama Sekela alikuwa anakuja na chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba, anakiweka karibu na uzio, anasubiri. Mke wangu anatoka, anamwambia nilichosema. Anachukua chungu chake anaondoka. Keshokutwa yupo tena.

Mama Tusa alivumilia wiki kadhaa. Siku moja aliporudi kutoka uzioni alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Tusa, unataka kufa na thawabu yako?"

"Nimefanya kazi kwa ajili yake."

"Nami nimekaa nikikusubiri urudi, miaka yote hiyo, mvua na jua. Yangu iko wapi? Wewe ukifa leo, hiyo thawabu yako nitaibandika jikoni?"

"Usikufuru."

"Sikufuru. Naona njaa."

Kulikuwa na siku nyingi ambazo hatukuongea ila kwa ajili ya dawa. Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa huu, na hakuna atakayekuandikia kwenye kadi. Nilikuwa nampenda na sikuweza kumpa kitu alichokuwa anataka, ambacho kilikuwa ni mimi kufungua mdomo nikala. Nilimwona akijinyima maharage ili nishibe, na nikala, kwa sababu yeye sikuwa nimembeba. Naona aibu nikiikumbuka sahani yake.

Zaidi ya wiki sita za dawa, na nilikuwa nimekonda kuliko nilipoanza. Nesi alinipima, akapima tena akidhani mizani imekosea. Mama Tusa hakunipigia kelele tena. Alifunga nguo zangu kwenye kitambaa akanipeleka kwa binti yetu Tusajigwe, Tunduma, ambako kituo cha afya kilikuwa jirani na nyumba yake. Mwenyewe alirudi kwenye shamba. Akiondoka aliniambia, "Huku hujambeba mtu."

Tunduma usiifikirie kama unavyoijua leo, ila kelele zilikuwa zile zile. Malori yanasubiri kuvuka, Wazambia wanauliza bei ya mchele, vijana wa kwetu wanawajibu mulishani, salamu yao ya Kibemba, kama waliozaliwa kwao Kasama. Tusa alikuwa anauza mchele na amepanga chumba kwenye nyumba ya Mzee Athumani, Mrangi wa Kondoa, mwenye malori mawili na ndevu zilizotunzwa. Tusa alimweleza ukweli kuhusu ugonjwa wangu kabla sijafika. Wapangaji wawili walihamisha majiko yao upande wa pili wa uani. Sikuwalaumu, ila iliniuma. Mzee Athumani alikuja mlangoni kwangu, akasimama mbali kidogo, akaniuliza kama napenda chumvi nyingi au kidogo.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jioni, adhana ikishaisha, sinia lilikuwa linaletwa chumbani kwetu: uji wenye pilipili manga, viazi vitamu, tambi, wakati mwingine nyama. Siku ya kwanza nilimwangalia vizuri Mzee Athumani, nikajihakikishia kwamba sijawahi kumbeba yeye wala ndugu yake yeyote. Nikala. Nilikula mpaka Tusa akalia, na hakuniambia analia nini. Masikio yalikuwa yanavuma kwa ajili ya sindano, makalio yamevimba hata kukaa ni kazi, lakini nilikula. Baada ya muda nikaanza kuamka na njaa, njaa ya mtoto anayekua. Nikarudi kwenye tundu la kwanza la mkanda nililotoboa kwa msumari. Nikaanza kuota jua uani. Majiko yakarudi mahali pake moja moja.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mama mzazi wa Mzee Athumani, bibi mzee sana, aliteleza uani akaangukia nyonga. Alikuwa anapiga kelele, na wanawake walikuwa wanamvuta mikono wamwinue. Mzee Athumani alikuwa anakimbia huku na huku, mtu mwenye malori mawili asiyejua amshike wapi mama yake. Mimi nikasimama. Niliwaambia wamwache alipo. Niliagiza miti miwili, wakaleta mipini mirefu ya kupandishia turubai kwenye lori. Niliomba blanketi, nikalifunga kwa fundo langu, nikawaonyesha wa kumshika chini ya mgongo na wa kumshika magoti, na tukamwinua mara moja bila kumtingisha. Pembe moja nilibeba mimi, mgonjwa wa TB, kutoka uani mpaka kwenye gari. Bega langu lilikuwa halijasahau. Niliporudi chumbani nilitetemeka hadi giza, lakini nakwambia, sijawahi kujisikia mtu kama jioni ile.

Kesho yake sinia likaja, nikalirudisha. Nilisema nimeshiba.

Siku ya tatu Mzee Athumani alikuja mwenyewe. Mama yake alikuwa amelazwa na anaendelea vizuri.

"Mzee wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Umekula kwangu, juzi mama yangu umemwokoa, halafu hutaki chakula changu. Nisemeje kwa watu?"

Kwa kuwa hakuwa wa kwetu, na kwa kuwa nilikuwa na njaa, nilimweleza sharti lote, mpaka kwa mchungaji. Alisikiliza, akakuna ndevu.

"Kwetu tunafundishwa kwamba anayemlisha aliyefunga anapata thawabu mfano wa yule aliyefunga, na aliyefunga hapungukiwi kitu. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Huyo Mungu wako anagawa kwa kibaba?"

"Mimi sijafunga, Mzee Athumani."

"Kumbe nini hicho unachokifanya?"

Swali hilo nililala nalo. Wala sikula. Mtu aliyeshika kitu miaka yote haachii kwa sababu ameshindwa kujibu swali. Nilirudi kwenye ugali wa Tusa, ambao ulikuwa wa mtu mmoja tukiugawana, na uzito ukaanza kushuka tena. Kwenye kituo cha afya nesi aliniuliza kama natupa chakula. Tusa akatuma ujumbe kwa mama yake kupitia kwa dereva wa lori la mahindi.

Mama Tusa alifika Jumamosi alasiri, na hakuja peke yake. Alikuja na Mama Sekela, ambaye alikuwa hajawahi kufika Tunduma maishani mwake, amebeba ndizi na maharage kutoka shambani kwake. Walipika kwenye jiko la Tusa, mimi nimekaa kwenye mkeka nikijua kinachokuja. Adhana ikalia. Sinia la Mzee Athumani likaletwa likiwa limefunikwa, kama kila siku, na kando yake Mama Sekela akaweka sahani yake. Nikasema nilivyozoea.

"Mama Sekela, ahsante. Nimeshiba."

Hakuondoka. Safari hii alikaa chini.

"Baba Tusa, naomba uniambie ukweli, na ukishaniambia sitakusumbua tena. Sekela alipofia mabegani kwenu, mkarudi naye. Tulipomaliza kuzika nikapika, mkasema mmeshiba, na mlikuwa hamjala tangu asubuhi. Kila mara nilipokualika umesema umeshiba. Ulipougua nikasema sasa atakubali. Nimejua muda mrefu. Mnaogopa chakula changu. Mnaona nyumba yangu ina mkosi, kwamba wa wengine mnafikisha na wa kwangu hakufika. Niambie kama ndivyo."

Mke wangu alikuwa anatazama chini. Hakuwa amejua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Nilitaka kumweleza sharti. Nilifungua mdomo nikaanza na baba zetu na kuku wa mwisho, na nikamwona anavyonisikiliza kwa adabu, mama aliyezika mtoto wake na kukaa miaka yote akiamini kwamba sufuria yake inaogopwa. Nikaliacha sharti katikati. Nikamwambia tu kwamba Sekela nilimkumbuka. Kwamba alikuwa mwepesi kuliko wote niliowahi kubeba. Kwamba kupanda naye kurudi hakuna aliyeomba kupokewa, sote wanne tulibeba mpaka mwisho, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake.

"Sikulijua hilo," akasema.

Nikanawa. Nikavuta sahani yake nikala, nikamaliza, naye akawa ananiangalia kila tonge. Halafu nikafunua sinia la Mzee Athumani nikala na hilo, na yeye mwenyewe akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, akasema bismillahi kwa niaba yangu kwa kuwa mimi mdomo ulikuwa umejaa.

Nilimaliza sindano kabla mvua hazijakatika, na vidonge nilivimaliza wakati wa kiangazi, vumbi la Tunduma likiwa limetapakaa kila mahali. Sikuruka siku. Makohozi yangu yalipimwa yakaonekana safi, nikaiomba ile karatasi nikawaonyesha wapangaji wote, pamoja na wale wa majiko. Nilipopanda nyumbani nilikuta shamba langu limelimwa, limepandwa na limevunwa na watu wa nyumba zile zote, kwa ruhusa ya Mama Tusa ambaye hakuniuliza. Nilikula mahindi yao na maharage yao. Ilinibidi kuanza na ile nyumba ya mpaka wa shamba, ili wasije wakasema nawabagua.

Machela nilirudia mvua zilizofuata. Sharti tumelibadilisha kidogo: kuku hachinjwi, lakini kikombe cha uji hakikataliwi, na nyumba ambayo mgonjwa wake hakufika ndiyo tunayokaa kwa muda mrefu zaidi. Mchungaji hakufurahi. Nilimwambia aje abebe, halafu tuongee. Alikuja, alibeba, na aliporudi alikula kuliko sisi.

Wewe mwenye mfuko wa vidonge, kula. Kula cha mwenye deni kwako na cha usiyemjua. Kuhusu mbinguni, bado naingoja thawabu yangu, na naamini ni kubwa, maana kazi niliifanya kwelikweli. Lakini nikifika nikaambiwa, Ambakisye, wewe ulikwisha kulipwa kule Tunduma kwa ndizi na maharage ya Mama Sekela, sitabisha. Nitasema ndiyo, nililipwa, tena niliongezewa.